Mbolea ya Zizi la Mughwai

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba 1974. Upepo wa mashariki tangu alfajiri, anga nyeupe kwa vumbi, hakuna wingu. Siku hiyo lori la operesheni ya vijiji lilifika kitongoji cha Itemba, upande wa Ilongero, kuwachukua watu waliobaki. Kaya nyingine zilikuwa zimekwisha kuhamia Azimio, kijiji kipya kando ya barabara. Aliyebaki wa mwisho alikuwa Damari, mjane wa Mughwai, pamoja na mwanawe kitinda mimba, Alute.

Mgambo wawili walipanda juu ya tembe lake, wakaanza kufukua udongo wa paa ili wang'oe boriti. Damari hakubishana nao. Aliwapa maji ya kunywa, akawaonyesha boriti zilizoliwa na mchwa ili wasijihangaishe nazo. Vyungu, jiwe la kusagia, kuku ndani ya tenga, na sanduku la bati la marehemu mumewe, vyote vilipakiwa. Dereva akapiga honi. Ndipo Damari akauliza:

"Na mbolea?"

"Mbolea gani, mama?"

Akanyoosha mkono kwenye zizi.

Dereva akatazama, akavua kofia, akajikuna. "Mama, mimi nimeagizwa kubeba watu na mali zao."

"Hiyo ndiyo mali yenyewe."

"Basi itakufuata kwa miguu," alisema mgambo mmoja, na wote wakacheka, hata Alute.

Ardhi ya kwetu ni ya kichanga. Uwele ukiupanda bila samadi huota kama nywele za mgonjwa. Ndiyo maana tangu zamani ng'ombe wa nyumba ni wa mume, lakini mbolea ni ya mke. Bibi harusi akishazoea nyumba, mama mkwe humshika mkono, humwingiza zizini na kumwonyesha upande wake: kuanzia nguzo hii mpaka nguzo ile, samadi hii ni yako, peleka shambani kwako, lisha watoto. Damari alionyeshwa hivyo akiwa msichana. Zizi lilikuwa limeanzishwa na babu wa Mughwai. Juu palikuwa na samadi mbichi, ambayo bado haijaoza, nyepesi, ya miaka ya karibuni. Chini yake ilikuwa imeoza ikashikana, nyeusi, yenye unyevu hata wakati wa kiangazi, na ukiichimba haikunuka kitu ila udongo baada ya mvua. Mughwai mwenyewe alizikwa kando ya zizi hilo, kama baba yake.

Mughwai alikufa kwa kifua, na ng'ombe waliobaki wakauzwa. Ujana wake aliumalizia Korogwe akikata mkonge, akarudi na sanduku la bati, blanketi mbili na kikohozi. Mwanawe wa kwanza, Andrea, alifuata nyayo za baba yake huko kabla tu ya Uhuru. Aliandika mara mbili, kisha akanyamaza. Watu waliokuja likizo walisema wamemwona Mnyusi, wengine wakasema Muheza, wengine wakasema hapana, si yeye. Damari aliacha kuuliza. Lakini basi la kutoka Arusha, njia ya kutokea Korogwe, liliposikika barabarani, alisimamisha alichokuwa akifanya mpaka likapita.

Sasa Alute naye alikuwa na umri ule ule wa Andrea alipoondoka, na jamaa mmoja wa Kinyangiri alikuwa amemwambia kuna kazi Korogwe.

Azimio palikuwa uwanda uliopangwa kwa kamba. Kila kaya ilipewa kiwanja cha nyumba na nyuma yake kipande cha shamba, vyote vikitazama barabara. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tamimu, aliyekuwa mfanyabiashara wa ngozi mjini Singida kabla ya kurudi kulima, alimpokea Damari kwa heshima. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno mengi. Yeye pia alikuwa ameacha miembe yake mahali pengine.

"Mama Alute, hapa ni nyumbani. Shule ipo, kisima kinachimbwa, zahanati iko njiani inakuja."

"Nimeshukuru, mzee. Udongo je?"

Tamimu aliinama, akachota mchanga, akaupeperusha vidoleni. "Udongo," alisema, "tutauzoea."

Usiku ule wa kwanza walilala chini ya turubai la jirani. Asubuhi Alute alifungua sanduku la bati la baba yake, akalifuta vumbi ndani. Damari alimwona, akajua.

"Unalifutia nini?"

"Mama, hapa tutakula nini? Umeuona huo mchanga. Nikienda Korogwe mwaka mmoja tu, nitaleta—"

"Andrea naye alisema mwaka mmoja."

Alute akashusha kifuniko cha sanduku.

"Nipe msimu huu," Damari alisema. "Mmoja. Tutaihamisha ile samadi, wewe na mimi. Shamba hili likitupa chakula, unabaki, unajenga, unaoa. Likikataa, sanduku ni lako, na mimi sitakushika."

Alute alitazama barabara, akatazama kipande cha mchanga nyuma ya kiwanja. "Msimu mmoja," akasema.

Punda wote wa kijiji walikuwa wakibeba boriti, hivyo Damari akachukua ngozi ya ng'ombe, akaitoboa pembeni na kuifunga kwenye miti miwili mirefu, ikawa kama machela ya kubebea mgonjwa. Mama mbele, mwana nyuma. Waliondoka kabla jua halijachomoza, wakafika Itemba wakati kivuli bado kirefu, wakachimba, wakajaza, wakarudi jua likiwa kali. Damari alianza upande wake wa zizi. Alisogeza kwanza ile ya juu, akachimba ya chini kwa jembe na mtaimbo, ile nyeusi. Kazi ilikuwa ya polepole. Samadi ya chini ni nzito kama udongo wa mfinyanzi.

Kijiji kizima kiliwaona wakipita. Sijaona, jirani yao mpya, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na watoto wengi, alisimama mlangoni akishika kiuno.

"Pole, Mama Alute! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo," Damari alijibu bila kusimama. "Ameomba uji."

"Mwambie apone haraka, maana ananuka!"

"Akipona utakuja kuomba mboga."

"Nitakuja, mwenzangu, na kikapu nitaleta!"

Hata Alute alianza kufurahi. Jioni aliweka vigingi kuonyesha wamefika wapi shambani.

Wakati huohuo migunga ya kilima kilicho nyuma ya kijiji ilikuwa ikiondoka. Tembe moja linakula miti mingi, na watu wote walijenga kwa pamoja, msimu mmoja, mahali pamoja. Tulipofika, kilima kile kilikuwa kijani upande wa kivuli. Kabla ya mvua kilikuwa kimebaki mawe na visiki, na wanawake walikuwa wakienda kuni mbali zaidi kila wiki. Mzee Tamimu alikuwa na redio. Jioni moja tulikuwa barazani kwake tukisikiliza kipindi cha wakulima. Mtaalamu alieleza taratibu jinsi udongo unavyokwenda na maji pale miti inapokatwa ovyo. Wakati anaeleza, vijana wawili walipita mbele yetu wakiburuza gogo.

"Zima hiyo," alisema mzee mmoja, "inatusema."

Tukacheka. Tamimu hakuizima. Juma lililofuata alileta miche ya mwarobaini na mikaratusi, tukapanda kando ya barabara, kila kaya miwili, na kuizungushia miiba. Damari alipanda yake. Aliweka kiganja cha samadi katika kila shimo.

Kisha ukaja mkutano wa Novemba. Mzee Tamimu alisoma maazimio. Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, na shamba la pamoja lilihitaji mbolea. Trekta ingekuja siku ya Jumatatu kuzoa samadi yote iliyo katika mazizi yaliyoachwa.

"Mahame ni ya kijiji," alisema. "Siasa ni kilimo, ndugu zangu. Tusiache mali porini."

Watu walipiga makofi. Damari alisimama. Alikuwa hajawahi kusema mkutanoni.

"Mwenyekiti, na iliyo ya mtu?"

"Mama, sasa ni yetu sote. Na wewe umo."

Hakuna aliyemjibu vibaya. Hata yeye hakukasirika. Alikaa chini, akafunga vizuri ncha ya kanga yake, na mkutano ulipokwisha akaenda moja kwa moja kwa Alute.

"Twende."

"Saa hizi?"

"Tuna siku tatu."

Samadi ya chini isingewezekana kuhamishwa kwa siku tatu. Iliyobaki ilikuwa imeshikana na ardhi, na walikuwa wawili. Ile ya juu ilikuwa tayari imesogezwa, kavu, nyepesi, unaizoa kwa mikono. Damari alisimama juu ya rundo. Alijua, kama kila mwanamke wa kwetu anavyojua, kwamba samadi mbichi huunguza uwele mvua ikikatika. Alijua pia kwamba mvua ikiwa nzuri huivisha hata mbichi. Akaanza kuzoa.

Walibeba siku tatu bila kupumzika, pamoja na Jumapili. Sijaona naye alikuja na beseni, bila utani. Walipomwaga mzigo wa mwisho, kipande chote kilikuwa kimefunikwa, hata pale palipokuwa na ile nyeusi, mchanga hauonekani.

Bwana shamba, kijana aliyeitwa Mazengo, mwenyeji wa upande wa Dodoma, alipita na baiskeli yake akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, hii ni mbichi. Na ni nyingi."

"Naiona."

"Mvua ikitulia, itapika shamba. Punguza nusu. Au panda mtama huku, uwele kule, uone."

"Nikipunguza, niiweke wapi? Trekta inakuja."

Mazengo akapanda tena baiskeli. Alipiga kengele ya baiskeli kidogo, kama mtu anayeaga mahali penye msiba, akaondoka.

Trekta haikuja Jumatatu. Haikuja juma lile wala lililofuata. Tulisikia imevunjika ekseli njiani, kisha tukasikia haina dizeli, kisha hatukusikia kitu. Samadi ya chini iliyosalia ilikaa Itemba mahali pake, nyeusi, hakuna aliyeigusa.

Mvua ilianza mwisho wa Novemba, nzuri, ya usiku, isiyo na upepo. Uwele wa Damari ulitoka kabla ya wote. Kufika Krismasi ulikuwa wa kijani cha giza, majani mapana, umemfika Alute kifuani, ilhali uwele wa wengine ulikuwa wa njano, umewafika magotini. Watu walikuja kuutazama. Mzee Tamimu alimleta mgeni wa chama kutoka mjini, akasimama naye ukingoni.

"Huyu ni mama mmoja tu, na mwanawe," alisema. "Kwa mikono!"

Mgeni alimpa Damari mkono. Sijaona alipiga kelele kutoka kwake: "Mama Alute, mgonjwa ameota mabawa! Kikapu changu naleta lini?"

"Leta gunia!"

Tulikuwa hatujamsikia Damari akipaza sauti hivyo. Siku zile Alute alikata boriti za chumba chake mwenyewe, akaziegemeza ukutani. Alizungumza na binti mmoja wa Mtinko aitwaye Febronia, na Damari alijua, akajifanya hajui. Ndani ya sanduku la bati Alute aliweka mbegu.

Januari mvua ikakatika.

Mara ya kwanza hakuna aliyejali. Januari kwetu hupumua hivyo. Lakini siku zikafuatana, upepo ukarudi, ukileta vumbi la kilima ambacho sasa hakikuwa na kitu cha kuuzuia. Miche ya mikaratusi ilikauka. Ya mwarobaini mbuzi waliimaliza. Na uwele wa Damari, ule mkubwa, ndio ulioanza kunyauka kabla ya wote. Ulikuwa na majani mengi na kiu nyingi, na chini yake samadi ilikuwa ya moto. Ukiingiza mkono kwenye shina ulihisi joto kama la mkate wa moto. Majani yalijikunja mchana, yakafunguka usiku, kisha hayakufunguka tena.

Damari na Alute walibeba maji kutoka kisimani mpaka kamati ikakataza, kwa haki, maana kisima kilikuwa kinafikia tope. Baadaye walijaribu kuitoa samadi. Waliinama mstari kwa mstari, wakaizoa kwa vikapu kutoka kwenye mashina, wakairundika kando. Nilipita nikawaona, mama mstari huu, mwana ule. Ukivuta samadi unavuta na mizizi.

"Acha, mama," Alute alisema mwishowe.

"Mstari huu tu."

"Mama. Acha."

Uwele wa wengine, ule wa njano tuliouonea aibu, ulisimama tu pale, mfupi, hauongezeki wala haupungui, kama mtu aliyezoea njaa. Katikati ya Februari mvua ikarudi. Ukaamka. Sijaona alipata masuke madogo, lakini alipata, na sisi wengine vivyo hivyo. Si chakula cha mwaka. Kilikuwa chakula cha kuongezea unga wa mahindi ya njano tuliopewa wa msaada. Katika shamba la Damari mvua ilinyesha juu ya mabua yaliyokufa, yakaoza.

Sijaona alimpelekea kikapu, kile kile cha utani, na uwele ndani. Alikiweka mlangoni.

"Mwenzangu," alisema, "ningekuwa na kinywa kingine, ningesema nacho kitu."

"Umefanya vizuri kukileta," Damari alisema, akakipokea.

Mzee Tamimu naye alikuja, akakaa kwenye kigoda, akazungumza juu ya mvua muda mrefu. Kabla ya kuondoka alisema, akitazama chini, "Ile trekta, mama..."

"Trekta haikuniunguzia uwele, mzee. Ni mimi niliyeuunguza."

Alute alimwaga zile mbegu kutoka kwenye sanduku, akampa mama yake ndani ya kitambaa. Damari alikuwa ametoa ahadi, na alikuwa mtu wa ahadi. Alifua shati jeupe la Alute, akalikunja. Alimchemshia viazi vitamu, akavifunga kwenye jani la mgomba alilopata kwa taabu. Usiku ule, Sijaona alituambia baadaye, hakusikia mtu akilia nyumba ile.

Alhamisi, tarehe 27 Machi 1975. Mawingu asubuhi, manyunyu kidogo, jua baadaye. Basi la kwenda Singida, alikokuwa aunganishe safari ya Korogwe, lilikuja limechelewa. Utingo aliliweka sanduku juu, akalifunga kamba.

"Nitaandika nikifika," Alute alisema.

"Andika."

"Na zile boriti zangu, uza. Au tengenezea jiko."

"Zitakaa."

"Mama, ni mwaka mmoja."

Damari alimtengeneza kola ya shati, ijapokuwa haikuwa imepinda. "Ukimwona kaka yako," alisema, kisha hakumaliza. Utingo alipiga bodi ya basi. Alute akaingia, akakaa upande wa pili, upande usiotazama nyumbani, kwa sababu viti vya upande huu vilikuwa vimejaa. Damari alizunguka mbele ya basi haraka ili amwone, lakini dereva alikuwa ameanza kuondoka, akapiga honi, ikabidi arudi nyuma.

Alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia. Halafu akaenda shamba la kijiji, kwa sababu ilikuwa zamu ya mtaa wake kupalilia, akapalilia mpaka kengele ya ringi la gari ikalia.

Asubuhi iliyofuata alitoa ile ngozi ya machela mahali ilipokuwa imening'inizwa. Aliifungua kutoka kwenye ile miti miwili, akailowesha maji, akaitandaza chini. Alichukua kisu akaikata katikati. Nusu moja aliikunja, akaiweka chini ya boriti za Alute. Nusu nyingine aliitoboa pembe nne, akaipitisha kamba, akaipima mgongoni: mzigo wa mtu mmoja. Kisha akachukua jembe na mtaimbo, akashika njia ya Itemba, kuchimba ile ya chini.